Mwongozo kamili wa kipimajoto: kukichagua, kukijaribu na kukisoma pasipo kudanganyika

Kipimajoto hakijui joto la mtoto wako, wala la maziwa, wala la friji. Kinajua joto lake chenyewe tu. Ukikibana kwapani, ncha yake inapashwa na mwili polepole mpaka vilingane. Ukikichomoa mapema, unasoma joto la ncha iliyokuwa bado njiani. Makosa mengi ya upimaji yanaanzia hapo: mtu hakusubiri, ncha haikugusa panapotakiwa, au kifaa hakijajaribiwa hata mara moja tangu kitoke dukani. Kusoma namba ni kazi ya sekunde mbili. Mwongozo huu unahusu zaidi yale yanayotangulia.

Namba zote humu ni za Sentigredi, isipokuwa nitakapotaja Farenhaiti.

Kununua: kila kazi na chake

Hakuna kipimajoto cha kazi zote, na anayekuuzia kimoja kwa ajili ya homa, mafuta ya kukaangia na friji anakutania.

Cha homa cha dijitali kinasoma kuanzia nyuzi 32 hadi 42 au 43 hivi, na kinaonyesha hadi sehemu ya kumi ya digrii. Kinapatikana duka lolote la dawa kwa bei ndogo. Nyumba yenye mtoto ianze na hiki.

Cha kioo chenye zebaki bado kimejaa kwenye makabati ya watu. Kinapima vizuri, lakini usinunue kipya. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, ulioanza kutumika 2017, uliweka mwaka 2020 kuwa ukomo wa kutengeneza vipimajoto vya aina hiyo na kuviuza kutoka nchi hadi nchi, kwa sababu zebaki ni sumu. Ulicho nacho kitunze kisivunjike; nitaeleza mbele la kufanya kikivunjika.

Cha kioo chenye spiriti, ile ya rangi nyekundu au bluu, ni cha hewa na friji. Angalia mwisho wa mizani yake kabla ya kukiweka penye joto. Kikiishia nyuzi 50, maji ya chai yatakipasua.

Cha jikoni kina sindano ndefu ya chuma na kioo kidogo cha namba juu yake. Chagua kinachofika angalau nyuzi 200 kama unakaanga, na chenye sindano nyembamba, maana nyembamba inapata joto haraka.

Kile chenye umbo la bastola, walichotuelekezea walinzi kwenye paji la uso enzi za korona, hakigusi kitu. Kinapokea mionzi ya infraredi inayotoka kwenye uso wa kitu. Aliyeigundua mionzi hiyo ni William Herschel, mwaka 1800: alitawanya mwanga wa jua kuwa rangi kwa kioo cha pembetatu, akaweka vipimajoto kwenye kila rangi, na kile alichokiweka nje ya nyekundu, mahali pasipoonekana mwanga wowote, kikapanda kuliko vyote. Kuna bastola za viwandani na za mwilini. Ya kiwandani ni nzuri kwa kikaango, na kwa homa haifai, hata kama muuzaji ataapa.

Kukijaribu: barafu kwanza, kisha maji yanayochemka

Hii ndiyo sehemu inayorukwa na wengi, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Inahusu vipimajoto vya jikoni, vya maabara ya shule na vya friji. Cha homa kina namna yake, nitakuja kwayo.

1. Ponda barafu iwe vipande vidogo. Funga kwenye kitambaa safi, gonga kwa mchi.
2. Jaza bilauri hadi juu kabisa kwa barafu hiyo.
3. Mimina maji baridi ya kuziba nafasi tu. Barafu ikianza kuelea umezidisha maji, yapunguze. Maji ya chini ya bilauri yenye barafu inayoelea yanaweza kuwa na nyuzi 3 au 4.
4. Ingiza ncha katikati, isiguse chini wala pembeni. Koroga taratibu.
5. Subiri dakika tatu au zaidi, mpaka namba itulie.
6. Soma. Inapaswa kuwa 0. Ikiwa 1.5, kifaa chako kinazidisha digrii moja na nusu. Andika hivyo kwenye kipande cha plasta ukibandike mgongoni mwake.

Barafu haijali upo Lamu au Eldoret, inayeyukia nyuzi 0 huko kote. Maji yanayochemka yanajali sana, na hapa ndipo vitabu vya shule vinapowaponza watu. Vinasema maji huchemka kwa nyuzi 100. Ni kweli kwa anayekaa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam. Kadiri unavyopanda, hewa inapungua uzito, na maji yanachemka mapema. Kanuni ya kutumia nyumbani: kila mita 300 za mwinuko toa digrii moja. Dodoma, yenye mwinuko wa mita 1,100 na ushei, yanachemka karibu na nyuzi 96. Arusha ni 95 na kidogo. Nairobi na Mbeya ni 94 hivi. Juu kabisa ya Kilimanjaro, mita 5,895, ni kama 81. Ndiyo maana maharage ya Nairobi yanakula gesi kuliko ya pwani: maji yanatokota vilevile, ila hayana moto uleule.

Basi ukiwa Nairobi na kipimajoto chako kikasoma 94 kwenye maji yanayochemka kwa nguvu, usikitupe. Kipo sawa. Kikisoma 100, hicho ndicho cha kutilia shaka.

Jaribio lenyewe: chemsha maji mengi kwenye sufuria, yakishatokota ingiza sindano katikati ya maji isiguse chuma, subiri namba itulie, linganisha na namba ya mwinuko wa kwenu. Kikikosea kwenye barafu na kwenye maji ya moto kwa kiasi kilekile, kinatumika, mradi uwe unatoa au kuongeza hiyo tofauti. Kikiwa sawa kwenye barafu na kupotoka digrii tano kwenye maji ya moto, kitafutie mwenzake.

Wasafiri wa zamani waliligeuza jambo hili. Badala ya kutumia mwinuko kukagua kipimajoto, walichemsha maji ili kujua mwinuko. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, ndivyo walivyokisia kimo cha Ziwa Tanganyika, wakapata karibu futi 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kimo chake halisi kinazidi futi 2,500. Piga hesabu kwa kanuni yetu: futi 700 ni kama mita 210, yaani kipimajoto chao kilikuwa kimekosea chini ya digrii moja. Kosa ambalo kwenye homa ungesema "si kitu" lilishusha ziwa zima, na kimo hicho kikaingia kwenye ugomvi mrefu wa chanzo cha Mto Nile: ziwa lililo chini kiasi hicho lingetoaje maji yake kwenda kaskazini? Burton, aliyekuja kushikilia kwamba Tanganyika linalisha Nile, alikuwa na kila sababu ya kukilaumu kipimajoto. Kwenye kimo alikuwa na haki. Kwenye Nile hapana: mwaka 1871 Livingstone na Stanley walikwenda mpaka mdomo wa Mto Ruzizi wakauona unaingia ziwani, hautoki.

Hizo alama mbili, barafu na maji yanayochemka, ndizo zilizozaa mizani tunayotumia. Kabla yake kila fundi alikuwa na namba zake. Mwanzoni mwa karne ya 17 Santorio, tabibu wa Italia, alichora mizani kwenye bomba la hewa na maji, lakini bomba hilo lilikuwa wazi, likipanda na kushuka hata hewa ikibadilika tu. Baadaye kidogo, mafundi wa mji wa Firenze, hukohuko Italia, wakaanza kuziba bomba na kutia pombe ndani. Daniel Fahrenheit, mzaliwa wa Danzig, akafanikiwa na zebaki mwaka 1714, na miaka kumi baadaye akatangaza mizani yake. Msweden Anders Celsius alitoa yake mwaka 1742 akiwa Uppsala, na aliipanga kichwa chini: maji yanachemka kwa 0, barafu inayeyuka kwa 100. Iligeuzwa alipokwisha kufa. Celsius huyohuyo alieleza wazi kwamba alama ya kuchemka inahama kwa uzito wa hewa, na alama ya barafu haihami. Vitabu vyetu vya shule vilichukua mizani, onyo wakaliacha Uppsala.

Cha homa: kukijaribu na kukitumia

Usikitie kwenye maji yanayochemka. Cha zebaki kitapasuka, cha dijitali kitaharibika. Kwenye barafu nacho hakisomi. Cha dijitali kitaonyesha herufi L, maana yake joto liko chini ya uwezo wake. Kijaribu hivi: chukua bakuli la maji ya vuguvugu, nyuzi 37 hivi, ingiza ncha yake pamoja na ya kipimajoto kingine cha homa unachokiamini, koroga, soma vyote. Vikitofautiana kwa zaidi ya 0.3, tafuta cha tatu kiamue.

Sasa kupima. Kwa mtoto wetu wa kawaida nyumbani, kwapani ndiko salama na rahisi.

1. Kama alikuwa mgongoni kwenye kanga, amefunikwa blanketi, ametoka kuoga au alikuwa akikimbia juani, mpunguze nguo akae mahali penye kivuli kwa dakika 15 au zaidi. Mtoto aliyefungwa kwa nguo nyingi anaweza kuonekana ana homa ambayo hana.
2. Cha zebaki: shika upande usio na zebaki, kung'uta kwa mkono mpaka kishuke chini ya 35.5. Bomba lake limebanwa kidogo karibu na ncha ili zebaki isishuke yenyewe, kwa hiyo usipokung'uta unasoma homa ya mgonjwa wa jana.
3. Futa jasho la kwapa kwa kitambaa kikavu. Jasho linapoza ngozi.
4. Weka ncha katikati kabisa ya kwapa, nyama kwa nyama, kusiwe na nguo katikati. Shusha mkono wake, uukunje kifuani, uushikilie.
5. Cha dijitali subiri kilie. Cha zebaki subiri dakika tano kwa saa. Kwa kukisia, dakika tano za mtoto anayelia huwa mbili.
6. Soma cha zebaki kikiwa sambamba na macho yako, ukikizungusha taratibu mpaka utepe wa fedha uonekane.
7. Andika: saa, namba, mahali ulipopima, na dawa aliyopewa kama ipo.
8. Osha kwa maji baridi na sabuni, kisha futa kwa spiriti. Maji ya moto hapana.

Kwa mdomo, inafaa kwa mtu mzima na mtoto mkubwa anayeweza kufumba midomo bila kuuma. Ncha ikae chini ya ulimi, nyuma pembeni. Aliyekunywa chai ya moto au maji ya friji angoje nusu saa. Njia ya haja kubwa inatoa namba iliyo karibu zaidi na joto la ndani ya mwili, ila iachie wahudumu wa afya waliofundishwa. Cha sikioni kwa mtoto chini ya miezi sita hakitabiriki, tundu lake bado dogo.

Cha paji la uso kinahitaji subira kuliko kinavyoonekana. Aliyeshuka bodaboda kwenye jua la saa saba atasomeka ana homa. Aliyetoka ofisi yenye kiyoyozi, au mwenye jasho, atasomeka 35 wakati anaungua ndani. Apumzike kwanza ndani ya chumba, afute jasho, aondoe kofia au ushungi kwenye paji, nawe ushike kifaa kwa umbali ulioandikwa kwenye karatasi yake, mara nyingi sentimita tatu hadi tano. Kikikupa namba ya ajabu, hakikisha kwa cha kwapani.

Namba inamaanisha nini? Ile 37 tuliyokaririshwa inatokana na daktari wa Leipzig, Carl Wunderlich, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1868 baada ya kukusanya vipimo zaidi ya milioni moja kutoka kwa wagonjwa wapatao 25,000. Kipimajoto chake kilikuwa kirefu kama rula, kikikaa kwapani hadi dakika 20. Ajabu ni kwamba Wunderlich mwenyewe aliandika kwamba joto la mtu mzima wa afya lina wigo, linashuka alfajiri na kupanda jioni. Waliokuja baadaye wakashika 37 wakasahau wigo. Nusu digrii ya tofauti kati ya alfajiri na alasiri ni kawaida kabisa, ndiyo maana naomba uandike saa.

Kwapani, watoa huduma wa afya ya watoto huhesabu 37.5 na kuendelea kuwa homa. Usiongeze nusu digrii kichwani ili "kusahihisha" kwapa, kama wengi wanavyofundishana. Sema tu: "Kwapani, 38.2, saa mbili usiku." Mhudumu atajua la kufanya nayo.

Mambo haya hayangoji kipimo cha pili:

- Mtoto chini ya miezi miwili mwenye 37.5 kwapani au zaidi, au aliyepoa chini ya 35.5. Kupoa kwa kichanga ni hatari sawa na kuungua, na wengi hawalijui hilo.
- Mtoto wa umri wowote asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea au asiyeamka.

Hao ni wa kituo cha afya sasa hivi, namba isomeke vyovyote. Wengine wenye homa nao, katika nchi zenye malaria, wapimwe malaria kabla ya kupewa dawa ya malaria. Kipimajoto kinasema kuna moto, hakisemi nani kauwasha. Maji ya barafu mwilini usitumie, yanamtetemesha na mwili unazidi kujipasha. Aspirini usimpe mtoto.

Jikoni

Kuku: choma sindano kwenye sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa, maana mfupa unapokea joto kwa namna yake. Ikifika 74, ameiva, hata kama rangi karibu na mfupa bado ina wekundu. Nyama ya kusaga 71. Chakula cha jana kipashwe hadi katikati yake ifike 74. Juu panatokota, katikati ya ubwabwa ni baridi, hilo kila mpishi analijua.

Maziwa: kiwandani huua vijidudu kwa nyuzi 63 kwa nusu saa, au 72 kwa sekunde 15. Nyumbani, chemsha mpaka yapande, inatosha. Kazi ya kipimajoto inaanza unapogandisha mtindi. Pasha hadi 85, yaache yashuke mpaka kati ya 43 na 45, ndipo utie kijiko cha mtindi wa zamani, funika mahali pa joto kwa saa sita hadi nane. Ukitia kwenye nyuzi 55 unawaua wale bakteria uliokusudia kuwafuga. Ukitia kwenye 30 yatakuwa yanajivuta mpaka kesho.

Mafuta ya sambusa na maandazi: 170 hadi 180. Chini ya 160 yanaingia ndani, utakula sambusa ya kukamua.

Sasa kile cha bastola. Fanya jaribio hili, utakielewa kuliko maelezo yoyote. Chukua sufuria ya alumini iliyopikiwa kwenye kuni, sugua nusu yake ya nje kwa waya wa kuoshea mpaka ing'ae, nusu nyingine iache na masizi yake. Jaza maji, chemsha. Elekeza bastola kwenye masizi: itasoma karibu na joto la maji. Sogeza kwenye upande unaong'aa: itashuka vibaya sana, pengine hata 40, ilhali ukigusa hapo utababuka. Chuma king'aacho hakitoi mionzi ya kutosha. Kinarudisha mionzi ya kuta na ya mkono wako, na bastola inasoma hiyo. Kwa kikaango kipya, bandika kipande cha utepe wa karatasi pembeni au paka mafuta kidogo, kisha pima hapo.

Friji, na dawa zilizomo

Usisome hewa ya friji. Ukifungua mlango tu, inabadilika. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji, rafu ya katikati, uache usiku kucha, usome asubuhi mara unapofungua. Kwa chakula, lenga nyuzi 2 hadi 5. Kwa insulini ambayo haijafunguliwa na dawa nyingine zinazohitaji ubaridi, 2 hadi 8. Insulini isiguse ukuta wa nyuma wala kukaa jirani na freza. Ikiganda mara moja imeharibika, na kuyeyuka hakuirudishi.

Umeme ukikatika usifungue mlango "kuangalia tu". Friji iliyofungwa inalinda chakula kwa kama saa nne. Nyumba ikiwa na joto kali hesabu pungufu.

Asiye na friji asikate tamaa, ila asijiamulie peke yake. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walirekodi joto la ndani ya nyumba kwenye kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, Kenya, likizunguka kati ya nyuzi 25 na 37. Kisha wakaziweka insulini maabara kwenye mzunguko huohuo kwa wiki nne. Matokeo yaliyotolewa 2021 yalionyesha zilibaki na nguvu sawa na zile za friji. Muulize muuguzi wako wa kliniki kuhusu aina unayotumia.

Tukiwa bado kwenye freza, kuna Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi Magamba, Tanga, aliweka mchanganyiko wa barafu ya maziwa kwenye freza ungali moto, ukaganda kabla ya wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye akamuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, naye akalichukulia kwa uzito. Wakachapisha pamoja mwaka 1969, na dunia inaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba. Wanafizikia bado wanabishana. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walirudia vipimo kwa makini na hawakuliona, wakaonyesha kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini ndani ya chombo kunatosha kukufanya udhani umeliona. Iwe Mpemba yuko sahihi au la, na mimi sioni kama kesi imefungwa, fundisho la upimaji ni lilelile: ukilinganisha vyombo viwili, ncha ziwe kimo kimoja hadi milimita.

Hewa ya nje

Simu yako haipimi joto la uani kwako, inaleta makadirio. Ukitaka la kwako, ning'iniza kipimajoto kivulini, kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini, mbali na ukuta, bati na lami, hewa ipite. Vituo vya hali ya hewa vinatumia sanduku jeupe la mbao lenye kuta za vipandevipande, lililobuniwa na Thomas Stevenson wa Uskoti. Kipimajoto kilichopigwa na jua kinapima jua lilivyokiunguza chenyewe.

Ukinunua cha umbo la U, kinachoweka alama ya juu na ya chini kwa vijipini viwili, soma ncha ya pini iliyo upande wa kimiminika, si ile ya juu. Si jambo dogo. Kwa miaka 90 rekodi ya joto kali kuliko yote duniani ilikuwa ya Al Aziziya, Libya, nyuzi 58, tarehe 13 Septemba 1922. Shirika la Hali ya Hewa Duniani likaifuta mwaka 2012. Uchunguzi ulionyesha kwamba aliyekuwa akisoma huenda alikuwa mgeni wa kazi hiyo, akasoma ncha isiyo yake ya pini, akazidisha digrii saba hivi. Rekodi ikahamia Death Valley, Marekani: 56.7, Julai 1913.

Vifaranga

Mashine ya kutotolesha yenye feni iwe 37.5 hadi 37.8 siku zote, kwa kuku siku 21. Isiyo na feni hewa yake ina tabaka, hivyo pima usawa wa juu ya mayai, ulenge 38.5 hivi. Kipimajoto kinachokuja na mashine za bei nafuu usikiamini mpaka ukilinganishe na cha homa. Joto la yai liko ndani ya wigo wake, na kinasoma sehemu ya kumi. Cha zebaki kina faida ya ziada hapa: kinabaki kwenye joto la juu kabisa lililofikiwa usiku ukiwa umelala.

Farenhaiti ikikutokea

Kifaa kikionyesha 99.5 na mtoto yu mzima anacheza, kimehamia Farenhaiti. Toa 32, gawa kwa 1.8: 67.5 kwa 1.8 ni 37.5. Vingi vinarudishwa kwa kubana kitufe kwa sekunde kadhaa kikiwa kimezimwa. Kariri mbili tu: 98.6 ni 37, na 100.4 ni 38.

Zebaki ikimwagika

Toa watoto na wanyama chumbani, fungua madirisha, zima feni. Vua pete na bangili za dhahabu, zebaki inazila. Usifagie, ufagio unaigawa kuwa punje ndogo zaidi. Sukuma punje kwa kadi ngumu hadi zikutane, zichote kwa karatasi, tia kwenye chupa yenye maji kidogo na kifuniko kinachokaza. Zilizobaki zinase kwa seloteepu, ukimulika tochi kwa upande ili zing'ae. Usimwage chooni wala sinki, usichome. Peleka chupa hospitali au ofisi ya afya ya eneo lako, uwaambie ni nini kilichomo. Chumba kiache wazi kwa saa 24.